Mstari wa Kona ya Kyamatare

Rangi ile haikuletwa kwa ajili yetu, tusidanganyane. Ililetwa kwa sababu wageni kutoka nje walikuwa wanapelekwa Butiama, na wakubwa wakaona haya wageni wapite kwenye lami isiyo na hata alama moja. Sisi tuliokuwa tunapita hapo kila siku, na kuzikana kwa sababu ya hapo hapo, hakuna aliyetuonea haya.

Akatumwa Bwana Pastory wa ofisi ya barabara, mtu wa kalamu mbili mfukoni na viatu visivyotaka vumbi, pamoja na vibarua, kamba na brashi. Rangi iliyotoka stoo ilikuwa nyingi, iliyofika barabarani ilikuwa kidogo. Miezi michache baadaye ukumbi wa baa moja mjini Bunda ulikuwa mweupe pe, kila mtu alijua ulikopata weupe huo, na kila mtu alikaa humo akanywa bia yake bila kuuliza. Kwa hiyo rangi iliyobaki ikatosha kona moja tu. Bwana Pastory akachagua Kyamatare, kati ya Bunda na Musoma, kwa kuwa ndiyo kona mbaya kuliko zote. Hapo nitampa haki yake, hakukosea kuchagua.

Upande mmoja wa Kyamatare kuna mlima wa mawe, upande wa pili kuna bonde. Gari linalotoka mbele hulioni mpaka limekufika puani. Mstari wao ukaanzia mahali ambapo hapakuwa na kitu, ukapinda pamoja na kona, ukaishia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mstari mmoja mweupe katikati ya lami, haukukatika popote. Nyuma yake hakuna mstari na mbele yake hakuna mstari. Hawakuweka kibao wala hawakumweleza mtu. Wageni walipita mbio vioo vimefungwa, na sidhani kama waliuona.

Sasa nenda kamwulize mtu aliyejifunza gari kwenye vumbi mstari huo maana yake nini.

Mume wangu Magesa alijifunza gari kwenye vumbi. Miaka yote ile ya shida aliendesha lori la pamba la chama cha ushirika. Barabara ilikuwa ya changarawe, pembeni imejaa rasta, ile mikunjo inayotingisha meno, kwa hiyo kila dereva alishika katikati palipo laini. Ukikaribia kona unapiga honi. Mwenye gari dogo au umri mdogo anashuka kwenye majani, mkubwa anapita. Na kwa kuwa magari yenyewe yalikuwa machache, mafuta kwa kibali, tairi kwa kubembeleza, dereva wa lori la ushirika alikuwa mkubwa wa wote. Sabuni isipopatikana dukani ilipatikana chini ya kiti cha Magesa. Alikunywa chai ya bure kuanzia Bunda mpaka Mwanza. Watu walimwita Bwana Mkubwa, na mwanamume ukimwita hivyo miaka mingi mfululizo mwisho ataamini.

Halafu ikaja ruksa ya kila mtu kufanya biashara. Maduka yakajaa, chama cha ushirika kikafa, lori likaachwa juu ya mawe uani kwa chama, kuku wakawa wanataga kwenye kiti cha dereva. Magesa akaajiriwa na Mzee Shomari, mfanyabiashara wa Bunda, kuendesha basi kuukuu lililotoka ng'ambo na maandishi ya kwao ubavuni ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Kitu cha kwanza alichofanya Magesa ni kwenda kung'oa honi ya lori la zamani na kuifunga kwenye basi. Ukiisikia honi hiyo hata ukiwa sokoni unajua ni nani anapita.

Lami nayo ikaja. Wajenzi wakainua barabara yote. Pale Kyamatare, upande wa bonde, ambako zamani kulikuwa na majani tambarare ya kushukia, wakachimba mtaro mrefu kwenda chini, wakaujengea kwa mawe na saruji. Ni mtaro mzuri kwa maji ya mvua. Kila kitu kwenye barabara ile kilibadilika isipokuwa mume wangu.

Jioni ya siku ile mstari ulipochorwa alirudi nyumbani ametabasamu. Akanawa mikono, akakaa.

"Mama Hyasinta, leo serikali imetufikiria madereva."

"Imefanyaje?"

"Pale Kyamatare wametuchorea pa kupita. Mstari kabisa! Unaweka katikati ya tairi, unazunguka nao mpaka kona inaisha. Ingekuwaga hivi toka zamani, watu wasingekufa."

Mimi nauza mitumba sokoni, usukani sijawahi kuugusa. Lakini hata muuza mitumba ana akili.

"Na anayetoka upande wa pili, na yeye akiuweka katikati ya tairi zake?"

"Atapiga honi."

"Na wewe?"

"Nitapiga honi."

"Halafu?"

"Halafu atapisha," Magesa alisema, akamega tonge.

Msinicheke mimi, na yeye msimcheke peke yake. Madereva wote wa zamani waliuelewa mstari hivyo hivyo. Waliupanda wakauweka tumboni mwa gari, wa kutoka Musoma na wa kutoka Bunda. Na ubaya ulikuwa huu: zamani waliifikia ile kona kwa woga, gia ya chini, shingo imenyooka, wanatafuta njia kwa macho. Sasa wamechorewa njia, woga wa nini tena? Walikanyaga mafuta. Kabla ya rangi waliogopa kona, baada ya rangi waliogopa kuuacha mstari.

Malori mawili yalipogongana vipaji vya nyuso, ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba alama huelezwa. Madereva wakaitwa ukumbini Bunda. Bwana Pastory akachora ubaoni kwa chaki, akasema mambo ya sentalaini na ya kuovateki, akaonyesha upande wako na upande wangu. Mstari si njia, ni mpaka. Ukiona haujakatika, usiuguse hata kwa tairi moja. Wengi walishangaa, wakacheka, wakaenda zao, na kuanzia siku hiyo wakakaa kushoto.

Magesa naye alielewa, tena vizuri kabisa. Jioni alinieleza yote mezani, kijiko kikiwa mstari na vikombe vikiwa magari.

"Kwa hiyo sasa utakaa kushoto," nikasema.

"Hayo ni ya madereva wa juzi," alinijibu, akachukua kijiko akakoroga chai.

Hapo sasa ndipo anapoingia Thadeo.

Thadeo alimwoa Hyasinta, binti yetu wa kwanza, barabara ikiwa bado vumbi. Kwao ni Bukima, watu wa ziwani, watulivu, wanaosali Jumapili na kurudi kwenye nyavu Jumatatu. Waliishi Musoma, mtaa wa Nyasho. Alikuwa dereva wa pikapu ya Salum, tajiri wa samaki. Alfajiri anaondoka na masanduku ya barafu kwenda Kisorya, mchana anarudi amejaza sangara kuwawahisha kiwandani Musoma. Basi la Magesa nalo lilikuwa linarudi Bunda mchana huo huo. Kwa hiyo karibu kila siku walikutana, na mara nyingi walikutana Kyamatare, basi likiwa upande wa mlima na pikapu upande wa bonde.

Uso wa mkwe wangu sikuwahi kuutazama sawasawa. Nilimjua kwa mgongo, kwa kofia, na kwa sato aliokuwa anawaacha kizingitini kwa jirani ili niletewe, maana hawezi kunikabidhi mkononi. Hiyo ndiyo desturi yetu. Mkwe akikutana na baba wa mke wake njiani, anatoka njiani. Anaingia majanini, anageuza uso mpaka mzee apite. Mzee naye hageuki kumtazama. Nimekua nimeikuta hiyo heshima na siidharau. Lakini ilitungwa na watu waliokuwa wanatembea kwa miguu.

Enzi za vumbi Thadeo alikuwa anaifuata hata akiwa kwenye gari. Akiisikia honi anaijua, anashusha pikapu kwenye majani ya upande wa bonde, anaangalia ziwani, baba mkwe anapita katikati kama chifu. Magesa aliipenda hiyo kuliko mshahara. Lori walikwisha kumnyang'anya, sabuni ilikuwa imejaa kila duka, hakuna aliyemwita tena Bwana Mkubwa. Kilichobaki ni kijana mmoja wa Bukima anayeshuka majanini akisikia honi.

Baada ya mkutano wa ukumbini, Thadeo akakaa upande wake. Hakusogea. Na angesogea kwenda wapi, na majani yamekwisha kuwa mtaro? Basi likaja katikati na honi yake, likabana, likapita na kioo cha ubavuni cha pikapu. Jioni hiyo Magesa alirudi anatetemeka. Nikadhani ni hofu, nikamsogezea maji. Haikuwa hofu.

"Mtoto amekataa kunipisha! Amekaa pale na pikapu yake ya samaki, ananiangalia. Mimi! Ananigawia barabara nusu kwa nusu!"

Hyasinta alikuja Bunda wiki hiyo hiyo, tumbo la mimba ya kwanza limeshaonekana, ametumwa na mume wake. Alikaa jikoni akanong'ona ingawa baba yake hakuwepo.

"Mama, Thadeo anasema umwambie baba. Anasema si kwamba amekosa heshima. Anasema pale hapana pa kushukia, akishuka anaanguka. Anaomba baba akae kushoto pale tu. Kwingine kote atampisha, hata akitaka amsimamie barabarani na kofia mkononi."

Nilimwambia Magesa maneno hayo, sikupunguza hata moja. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamwambia akiwa ameshiba na akiwa na njaa. Jibu lake lilikuwa lile lile: barabara ile ameipita kabla Thadeo hajajua kujifunga viatu, na mkwe anayesubiri kupewa upande wake ni mkwe anayesubiri urithi.

Kisha akaita kikao.

Laiti mngekiona kikao kile. Kilikaa sebuleni kwangu, kwenye makochi yangu, soda na bia nimenunua mimi. Aliyekiongoza ni Masatu, kaka mkubwa wa Magesa, mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, maana alijaribu mara moja ikamwingiza kwenye kichaka cha minyaa. Wengine walikuwa wazee wa ukoo ambao gari walilijua kwa nauli. Hao ndio waliokaa kuamua namna ya kupishana kwenye lami. Bwana Pastory na chaki yake hakuitwa, wala dereva mwingine yeyote. Thadeo alikaa nje barazani, ametupa mgongo, kama inavyotakiwa, na maneno yakawa yanapitia dirishani.

"Barabara ni nini?" Masatu akauliza, amefumba macho kwa hekima. "Si njia? Imepanuliwa tu."

"Ni njia," wakajibu wenzake, wakanywa.

"Na njiani mkwe anafanyaga nini?"

"Anapisha."

"Basi. Lami haijafuta ukwe."

Nilikuwa mlangoni na sinia. Nikasema, kwa heshima zote, kwamba pale kuna mtaro wa mawe na mtu akipisha ataanguka. Masatu alifumbua jicho moja, akalifumba.

"Shemeji, tunazungumza mambo ya watu wazima."

Mimi nilikuwa nimezaa mara sita na kuzika mara mbili, lakini mtu mzima alikuwa yeye.

Magesa akatoa neno la mwisho. Kama Thadeo hapishi, Hyasinta atarudi nyumbani na mimba yake, na ng'ombe wa watu watarudishwa Bukima. Alilisema hivi hivi, binti yake akiwa jikoni anasikia. Ndipo dirishani ile sauti ya Thadeo, ambayo nayo nilikuwa naijua kidogo tu, ikasema:

"Nitapisha, wazee wangu. Lakini pale hakuna pa kupishia."

"Atafute," alisema Masatu, na kikao kikafungwa kwa maombi.

Na kweli alitafuta, kwa sababu hakuwa mjinga. Alipofika kwenye sehemu iliyonyooka kabla ya kona, alisimamisha pikapu kando, akazima injini, akangoja basi litokeze na kupita. Hapo mzee alipishwa na kona ikabaki bila mtu. Mimi moyo wangu ulitulia. Hyasinta akaniletea habari kwamba mambo yamekuwa mazuri, na alicheka, mara ya kwanza tangu kikao.

Lakini basi la Mzee Shomari halikuwa na saa. Siku nyingine lilijaza mapema, siku nyingine lilikaa stendi ya Musoma mpaka jua likaanza kulala, konda anabembeleza abiria wa mwisho. Thadeo akangoja juani, barafu inayeyuka, maji ya samaki yanachuruzika chini ya pikapu, nzi wamejaa. Kiwandani wakaanza kuwabonyeza sangara wake kwa kidole na kuwakataa. Salum akamwita. Salum hakuwa mtu mbaya, alikuwa mfanyabiashara.

"Thadeo, ndugu yangu, mimi sikukuajiri uheshimu wakwe. Nimekuajiri uwahishe samaki. Ukisimama tena njiani, acha funguo mezani."

Hayo nilielezwa na Hyasinta. Aliniambia mume wake alirudi nyumbani siku hiyo akakaa bila kula. Akingoja, kazi imekwenda, na mtoto yuko njiani. Akikaa upande wake na kukaza, mke amekwenda, na mtoto pia. Hyasinta alimwambia wahame, wakaishi Ukerewe, wakavue. Thadeo akamwambia watahama mtoto akizaliwa. Kwa sasa atapita pole pole, atasikiliza honi, atabana pembeni kadiri anavyoweza. Mungu si Athumani.

Siku yenyewe sikuwa na habari yoyote. Nilirudi sokoni nikapika sangara wa kukaanga na ugali wa muhogo. Magesa aliingia anaimba. Sikumsikia akiimba tangu lori la ushirika lilipopandishwa juu ya mawe.

"Mama Hyasinta, leo mtoto amenipisha! Kama zamani kabisa. Nimepiga honi, nikamwona huyo anakuja, kaenda pembeni moja kwa moja, kaingia majanini. Kumbe alifunzwaga adabu."

Nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi.

"Majani gani?"

"Ya pale Kyamatare."

"Baba Hyasinta, Kyamatare hakuna majani. Kuna mtaro."

Aliendelea kula. Nikamwona anatafuna, anafikiri kidogo, anameza, anaacha kufikiri.

"Uliangalia nyuma?"

"Mkwe haangaliwagi nyuma," alisema. "Unajua hilo."

"Na abiria? Abiria wako hawakusema kitu?"

"Wale wa nyuma walipiga kelele. Wanapigaga kelele siku zote, wanasemaga naenda mbio."

Nikaweka bakuli chini, nikachukua kanga, nikatoka mbio kwenda stendi kutafuta gari, lolote, la kwenda upande wa Musoma. Nyuma yangu akaita nimwachie maji ya kunawa. Sikufika stendi. Nilikutana na konda wa gari lililokuwa linafuata nyuma ya basi la Magesa, amekuja kututafuta. Alikuwa amevua kofia kabla hajafungua mdomo.

Walimkuta ndani ya mtaro, pikapu imempindukia, masanduku yamepasuka, sangara wametapakaa juu ya mawe. Mstari ulikuwa hauna hata mkwaruzo. Basi halikumgusa. Askari walipima kwa futi zao, wakaandika kwamba dereva wa pikapu alishindwa kulimudu gari. Walimwuliza Magesa kama alimwona, akasema ndiyo, alimwona, alikuwa anampisha. Alilisema bila kuficha kitu, wala hakuwa na sababu ya kuficha, kwa maandishi ya askari hakuwa na kosa. Wakamshukuru, wakamwambia aende.

Tulimzika Bukima, ziwa likionekana. Masatu alisimama kutoa salamu za upande wetu. Alisema marehemu alikuwa mkwe wa mfano, kijana aliyejua adabu mpaka dakika yake ya mwisho. Wazee wakatikisa vichwa. Nilitaka kumpiga na kiti. Nasema kweli, nilikitazama kiti nilichokalia, na kama Hyasinta asingekuwa ameegemea bega langu ningekinyanyua. Chuki niliyokuwa nayo siku ile bado ninayo, imekaa tu mahali pake.

Wakati wa kuaga walifunua sanduku. Mila inanikataza, lakini nilikwenda. Nikamtazama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi, na masikio kama ya mtoto. Hyasinta alisimama karibu yangu, hakulia, machozi yalikuwa yamemwisha.

"Mama, ulimwambia baba?" aliniuliza polepole.

"Nilimwambia, mwanangu."

"Vizuri vizuri?"

"Vizuri vizuri."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo.

Baada ya matanga nilikaa naye Nyasho. Siku moja ikanibidi niende Bunda kuchukua nguo zangu na kufunga banda langu sokoni, ili nirudi kukaa naye mpaka ajifungue. Stendi ya Musoma basi lililokuwa limejaa na tayari kuondoka lilikuwa la Magesa. Nilipanda. Akamwinua mtu kiti cha mbele ili nikae karibu naye, maana alitaka watu waone kwamba mke wake bado anasafiri naye.

Alionekana amezeeka. Alikuwa hanyoi ndevu, mikono yake kwenye usukani imekonda, na nikiri, kuna mahali nilimhurumia. Nikajisemea, huyu mtu ameumia, hawezi kusema tu. Akifika pale atapunguza mwendo. Pengine atasimama kabisa.

Tukafika Kyamatare. Aliingiza gari katikati. Mstari ukaja ukapotea chini ya miguu yetu, kati ya tairi na tairi, na mkono wake ukaenda kwenye honi kama mkono wa mtu unaojikuna. Ile honi ikalia bonde zima.

Na kutoka upande wa pili likatokea lori. Si lori la kwetu, lile la matela, la namba za Kenya, limebeba vyuma, refu halimaliziki. Lilikuwa upande wake, limeujaza wote, na halikupiga honi wala kupunguza. Dereva wake alikuwa anatafuna kitu.

Magesa akakata usukani kushoto. Kwa ulaini kabisa. Basi likasogea upande wa mlima, likauacha mstari wote kulia kwetu, likakaa palipo pake pale ambapo Bwana Pastory alichora kwa chaki. Nafasi ilikuwepo, tena ya kutosha. Ungeweza kupitisha mtu na mbuzi wake kati yetu na yale mawe. Lori likapita, upepo wake ukatingisha vioo, likaenda zake. Hata jasho halikumtoka mume wangu. Alikuwa ameshaanza kurudi katikati.

"Kumbe kushoto unaenda," nikasema.

Hakunielewa. Alinigeukia na macho ya mtu asiye na hatia.

"Lile ni lori, Mama Hyasinta," akasema. "Lile lingetuua."

Nikamwambia konda agonge bati. Nilishuka hapo hapo chini ya mlima, nikavuka barabara, nikasimama kando ya mtaro kungoja gari la kunirudisha Nyasho kwa mwanangu.